Uzi wa Kijani

Bi Zuhura amefariki. Habari hiyo niliipata Jumanne asubuhi nikiwa ofisini, kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa binti wa kaka yake aliyeko Unguja. Alisema shangazi yake aliugua siku chache tu, kwamba wameshamzika, na kwamba alilikuta jina langu kwenye simu ya marehemu limeandikwa "Konso wa dukani", ndiyo maana akaona anijulishe. Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Kwenye skrini mbele yangu kulikuwa na orodha ya pete na mikufu ya maduka saba, kila kipande na rangi yake, maana hiyo ndiyo kazi yangu sasa hapa Silicon Oasis, Dubai: kuangalia kwa kompyuta ni mali gani inatembea na ipi imedoda. Mwenzangu wa meza ya pili, kijana wa Kampala, aliniona nimeganda akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza nimefiwa na nani. Mimi na Bi Zuhura kwa zaidi ya miaka ishirini tulikuwa tukitumiana salamu za Idi na Krismasi basi. Nikasema nimefiwa na mtu aliyenifundisha kazi. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili sijawahi kumwambia mtu, na leo naiandika kwa kuwa aliyestahili kuisikia kinywani mwangu hayupo tena.

Nusu hiyo ni ya mwaka wangu wa kwanza Dubai. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka bara Kenya na cheti cha utunzaji wa stoo na viatu jozi moja. Duka lenyewe lilikuwa Deira, karibu na soko la dhahabu, jembamba na refu. Mbele palikuwa pa dhahabu, na pale hapakuwa na raha hata dakika: watu wanaingia, wanapimiwa, wanabishana, wanatoka. Nyuma, ukipita mlango wa kioo, ndipo palipokuwa na chumba cha almasi. Chini kulikuwa na zulia la rangi ya damu ya mzee, viti vinne vya mteja, taa nyeupe kali juu ya kaunta, na kimya cha hospitali. Bi Zuhura alikuwa muuzaji mkuu wa chumba hicho. Alizaliwa Unguja akaletwa Dubai akiwa mdogo, alikuwa amekaribia miaka hamsini, mnene wa wastani, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo na ulimi uliokuwa mtamu kwa mteja na mkali kwetu. Siku yangu ya kwanza alinitazama toka juu hadi chini akasema dhahabu inajiuza, almasi inabembelezwa, na kwamba uso niliokuja nao ulifaa kufukuzia ndege shambani. Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikaja kujua kwamba mtu asiyempenda hakumtania kabisa.

Mwenye duka tulimwita Sir. Alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, mkavu, asiyependa kompyuta, naye alikuwa na hofu moja tu maishani, mali kulala. Alituambia kwamba muuza samaki akichelewa kuuza, pua yake inamwambia, bali muuza almasi haambiwi na kitu chochote, kwa kuwa jiwe halinuki, haliozi wala halipauki. Unaweza kukaa nalo miaka kumi ukijiona tajiri, kumbe biashara imekufa zamani. Basi yeye alijitengenezea pua yake mwenyewe, nayo ilikuwa nyuzi. Kila kipande kilikuwa na lebo ndogo ya karatasi iliyofungwa kwa uzi. Miezi mitatu ya kwanza uzi mweupe, mitatu inayofuata kijani, mitatu mingine njano, halafu mwekundu. Kipande kikifika nyekundu, muuzaji aliruhusiwa kupunguza bei hadi kiwango fulani bila kumuuliza mtu. Kikimaliza miezi mitatu katika nyekundu bila kuuzwa, kinatolewa kwenye trei na kupelekwa kwa sonara kikavunjwe, dhahabu iyeyushwe na mawe yaanze maisha mapya kwenye kitu kingine. Kila muuzaji alikuwa na trei zake, na Sir alimpima kwa jambo moja: ni mara ngapi katika mwaka trei ile imeisha ikajazwa upya.

Kazi yangu ilikuwa nyuzi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilifika saa moja kabla ya duka kufunguliwa, Sir ananipa orodha aliyoiandika kwa mkono kutoka kwenye daftari lake, daftari ambalo halikutoka kwenye sefu ila kwa mkono wake, nami nakata nyuzi za zamani na kufunga mpya. Nilifunga kama tunavyofunga magunia ya mahindi kwetu, nazungusha mara mbili na kuchomeka ncha ndani ili isifunguke. Bi Zuhura alikuwa akicheka fundo hilo, anasema siku moja nitawafungia wateja debe la maharage. Lakini juu ya lebo hakukuwa na mzaha. Nilitia saini karatasi siku niliyoajiriwa: anayegusa lebo pasipo kuagizwa ni mwizi, kwa kuwa katika biashara ile mtu anayebadilisha lebo ndiye anayebadilisha jiwe. Ilimaanisha polisi, kisha ndege ya kurudishwa Kenya. Nililijua hilo vizuri kuliko nilivyolijua jina la mtaa niliokaa.

Ijumaa duka lilifunguliwa jioni tu, na kuanzia mwezi wangu wa pili Bi Zuhura akawa ananichukua kwake kwa chakula cha mchana. Alikaa ghorofa ya tatu ya jengo lililochoka, vyumba viwili na jiko, pamoja na mama yake, Bibi, ambaye magoti yalimkatalia ngazi na kwa hiyo alikuwa ameigeuza nyumba ile kuwa mji wake wote. Kulikuwa na kitanda cha juu kilichofunikwa shuka la kudariziwa, kiyoyozi kilichokohoa, kalenda tatu za miaka tofauti, na harufu ya udi iliyokuwa imeingia hata kwenye mito. Tulikula kwenye sinia moja, chini, juu ya mkeka: wali wa nazi, mchuzi wa papa mkavu, kachumbari yenye ndimu nyingi, na ndizi mbivu pembeni. Mimi nilikuwa sijawahi kula wali kwa mkono, na Bibi alicheka mpaka machozi, akasema huyu wa bara anautia wali mdomoni kama anayepanda mbegu. Baada ya chakula alinieleza habari za Deira ya zamani, na za mumewe aliyefia hapa na kuzikwa hapa; mara moja kwa mwezi Bi Zuhura alimshusha mama yake ngazi taratibu akamchukulia teksi kwenda kulizuru kaburi, na hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake pekee. Haja yake ilikuwa moja, nayo aliitaja bila huzuni kama mtu anayeagiza sukari: na yeye azikwe hapahapa. Makazi ya Bibi yaliegemea viza ya binti yake, na viza ya Bi Zuhura iliegemea duka. Nilijua, sote tulijua, lakini ukiwa na mtu aliyekaa mahali miaka zaidi ya thelathini unasahau kwamba kinachomshikilia ni karatasi.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya chai. Nilikuwa kwenye kijichumba cha nyuma nachemsha maji, mlango haukufunga sawasawa, na Sir alikuwa akizungumza na mpwa wake, kijana aliyekuwa akiandaa tawi jipya kwenye jumba kubwa la maduka. Walizungumza Kiingereza. Mpwa alisema kabla ya Ramadhani lazima muuzaji mmoja apunguzwe, na akamtaja Bi Zuhura. Akasema trei zake zimejaa nyekundu, na Jumamosi inayokuja saba zaidi zitaingia nyekundu. Sir akasema watazame trei zitakavyokuwa mwisho wa mwezi. Ni hayo tu. Nilisimama pale na birika linachemka, na neno lililonibaki kichwani lilikuwa moja, nyekundu. Sikujiuliza nyekundu ilikuwa na kazi gani. Niliona ni kama alama ya makosa kwenye daftari la shule, na kwamba zikipungua mwalimu atatulia. Nilikuwa mjinga, lakini sikuwa mbaya, na miaka hii yote nimejaribu kupata faraja katika tofauti hiyo nisiipate.

Jumamosi ile nilipewa orodha kama kawaida. Vipande saba vya trei za Bi Zuhura vilitakiwa kutoka njano kwenda nyekundu, na kimojawapo ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote chumbani, seti ya mkufu, hereni na bangili, vijialmasi vingi vilivyopangwa kwa umbo la maua ya yasmini. Yeye aliiita Bi Harusi. Nilikata nyuzi saba za njano. Nikachukua kijani badala ya nyekundu, ili mali ionekane changa, nikafunga, nikazungusha mara mbili, nikachomeka ncha. Moyo ulikuwa mwepesi, nikajiambia nimemlipa wali wake wote. Nilipanga kumwambia mchana, tukiwa wawili. Sikupata mchana huo, kwa kuwa duka lilikuwa halijamaliza hata nusu saa tangu lifunguliwe, akaingia Bi Thuwaiba.

Huyu alikuwa mama wa Kipemba aliyeolewa zamani katika mji wa Al Ain, tajiri, mwenye kuringa na kuhesabu, na alikuwa na binti wa kuoza. Kumbe alikuwa ameshaiona seti ya Bi Harusi miezi mingi nyuma, akaipenda, akaona bei imemzidi kidogo. Na Bi Zuhura, aliyezijua trei zake kama mtu anavyojua watoto wake, alikuwa amemwambia kwa siri asubiri. Uzi ukigeuka mwekundu atampunguzia. Alimtajia mpaka Jumamosi yenyewe. Ndivyo alivyokuwa akifanya na wateja wake wote wa zamani, nami kwa miezi yote minane sikuwa nimelijua hilo, kwa kuwa mambo ya muuzaji na mteja wake hayasemwi kwa mfunga nyuzi. Mauzo yale peke yake yangetosha. Yangeiondoa seti nzito kuliko zote, na kwa hesabu ya Sir trei ile ingekuwa imezunguka.

Bi Thuwaiba alikaa, akavaa miwani, akaletewa seti kwenye kitambaa cheusi. Hakuitazama almasi. Aliigeuza lebo.

"Zuhura," alisema, "mbona uzi kijani? Si ulinambia leo mwekundu?"

Sir alikuwa amesimama mlangoni, kama alivyosimama kila mteja mkubwa alipokuja; vipande vilikuwa mamia, na bila daftari mbele yake hakukumbuka tarehe ya hata kimoja. Bi Zuhura aliichukua lebo. Nilikuwa nyuma yake, hatua mbili, nikaona kidole gumba chake kinateleza juu ya uzi kikakuta fundo, kikasimama hapo. Kisha akageuza kichwa akanitazama, mara moja tu, si kwa muda mrefu. Alikuwa na jambo jepesi la kusema. Angemwomba Sir afungue daftari, tarehe ingeonekana, bei ingeshuka, seti ingeondoka na mama yake angebaki karibu na kaburi la mumewe. Lakini daftari likifunguliwa ingeonekana pia kwamba lebo imeguswa, na duka zima lilijua ni nani anayefunga lile fundo la gunia.

"Ni mie nlokosea kuhesabu, Bi Thuwaiba," alisema. "Bado miezi."

Sir alijaribu kuokoa, akapunguza kidogo kwa heshima ya mteja wa siku nyingi, lakini yule mama alikuwa ameshaona kwamba amechezewa. Alisema yeye si mtoto wa kuzungushwa kutoka Al Ain kwa uzi, khalas, yamekwisha, akainuka. Kupitia kioo tulimwona anavuka njia na kuingia duka la ng'ambo, na baadaye akitoka na mfuko wao mkononi. Bi Zuhura aliikunja seti kwenye kitambaa chake, polepole, akairudisha kwenye trei.

Jumapili alifika mapema kuliko mimi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mteja, jambo ambalo hakulifanya kamwe, na trei ziko mbele yake. Aliniomba mkasi. Akakata nyuzi zote saba za kijani, mmoja mmoja, na kila alipokata akanikabidhi kipande cha uzi mwekundu, nami nikafunga. Tulipomaliza akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uzi mwekundu si aibu, Konso. Uzi mwekundu ndo ruhusa." Halafu akavaa miwani akaenda kupanga kaunta. Hilo ndilo pekee aliloniambia kuhusu jambo lile, siku ile na mpaka kufa kwake.

Mwisho wa mwezi Sir hakutazama rangi. Alifungua daftari akatazama kilichotoka, na katika trei za Bi Zuhura kilichotoka kilikuwa kidogo. Ndipo nilipoielewa biashara niliyokuwa ndani yake. Mali inayofichwa uzee haiuziki upesi zaidi; inanyimwa tu nafasi yake ya mwisho. Nilikitia mchanga kitumbua cha Bi Zuhura kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikidhani natia sukari. Sir alimwita ofisini, akazungumza naye kwa adabu, akamwachisha kazi, akamwandikia barua nzuri ya sifa. Bi Zuhura akaanza kuzunguka maduka ya Deira na barua ile, akarudi kila jioni amechoka miguu. Walitaka wasichana, walitaka Kirusi na Kichina. Siku za viza zilikuwa zinapungua. Kila asubuhi niliamka nimeazimia kumwendea Sir nimweleze, na kila asubuhi nilipovuka mlango wa duka nilikumbuka karatasi niliyotia saini. Nilikuwa naogopa. Sitaki kulipamba hilo kwa neno jingine. Wiki ya tatu Sir aliniita, nikadhani amejua, kumbe alitaka kunipa trei za Bi Zuhura niziuze, kwa kuwa Bi Zuhura mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba nina macho mazuri.

Niliziuza. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya kuliko zote, kwamba niliweza. Nilitumia nyekundu kama alivyonionyesha, nikawaita wateja wa kusubiri, na baada ya mwaka trei ile ilikuwa inazunguka kuliko zote. Bi Harusi peke yake haikupata mtu. Ilimaliza miezi yake mitatu, nami ndiye niliyetumwa kuipeleka kwa sonara, juu ya ngazi za jengo moja la mtaa wa Al Ras, lenye maduka ya viungo chini yake. Nilipanda na kunusa iliki mpaka juu. Fundi aliibana kwenye koleo, akang'oa yasmini moja baada ya nyingine bila kuacha kuzungumza kwenye simu, akayatia mawe kwenye karatasi iliyokunjwa. Haikuchukua muda wa kunywa chai. Msimu uliofuata mawe yale yalirudi dukani kwenye pete ndogondogo, nikayafungia uzi mweupe, kana kwamba yamechimbwa jana. Mawe yana bahati hiyo. Siku hizi almasi nyingine zinatengenezwa kiwandani na bei zinashuka kila tunapopumua, na vijana wa ofisini wananiuliza siri ya kuifanya mali izunguke. Nawafundisha. Nawaambia wasiogope nyekundu. Wanaandika.

Lakini kitu kinachonikalisha macho wiki hii si duka, ni Ijumaa ya mwisho. Walikuwa wanaondoka Jumapili kwenda Unguja, kwa kaka yake Bi Zuhura, nyumba ambayo Bibi aliikumbuka kwa mlango tu. Kalenda zilikuwa zimeshushwa ukutani na mahali pake pamebaki peupe. Kitanda kilikuwa kimeuzwa. Tulikula pilau kwenye sinia lilelile, chini, katikati ya mabegi, na mimi nilikuwa nimeshajua kula kwa mkono, hakuna aliyenicheka. Bi Zuhura alikuwa akikunja kanga pembeni. Bibi alinawa, akajifuta, akanivuta karibu yake. Siku iliyotangulia alikuwa amepelekwa kaburini kwa mumewe kumuaga, na macho yake yalikuwa bado yamevimba.

"Konso mwanangu," alisema, "tumekaa na weye, tumekula pamoja. Binaadamu si malaika. Kama kuna neno nlokwambia likakuuma, au Zuhura kakukosea kazini, tunakuomba utusamehe. Mie sirudi tena huku."

Nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo siku ya Idi, majirani walipopanda kuwasalimu. Mmoja anaomba radhi, mwenzake anasamehe, na hapohapo na yeye anaomba. Dhambi haitajwi. Hakuna anayeuliza ni kosa gani, lini wala wapi. Unasema tu na mimi nisameheni, wanakuitikia, basi imekwisha. Bi Zuhura alikuwa ameacha kukunja. Alikaa na kanga mapajani, ananitazama, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananingoja. Maneno yalikuwa matatu tu na nilikuwa nayo mdomoni, lakini niliogopa kwamba yakitoka hayo yatatoka na mengine yote, mpaka dukani, mpaka kwa Sir, mpaka uwanja wa ndege.

"Nimewasamehe, Bibi," nikasema.

Bibi akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu, ya afya, ya riziki, ya mume mwema. Nikaitikia amina. Bi Zuhura alingoja kidogo zaidi. Kisha akainuka, akakusanya sahani, akaniuliza kama nitaongeza chai.